Mafuta ya Danzi na Punje Thelathini na Tatu

Wallahi, kisa hiki ni kweli tupu, toka utosi hadi unyayo. Ndivyo nilivyowaambia wenzangu wa darasa la kisomo pale Mtanda. Nikaongeza: atakayenikamata na uongo, jogoo wangu mwekundu, huyo niliyemfunga mlangoni, ni wake.

Kijijini Kikole aliishi mwanamke jina lake Mwahija. Alilima mtama na mihogo. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na mdanzi, ule mchungwa wenye matunda machungu. Ulizaa mno. Kunguru walikula madanzi mpaka wakashindwa kuruka, wakarudi Lindi kwa miguu.

Mwahija na mumewe, Likwata, walitengeneza mafuta ya maganda ya madanzi. Mwahija alikamua, Likwata akapima. Alikuwa na kibuyu kidogo chenye tundu chini, la kupita sindano. Alikijaza mafuta, akavuta tasbihi polepole. Punje ya thelathini na tatu ikifika, kibuyu kilikuwa kitupu.

"Haya ndiyo mafuta ya nyumba yetu," alikuwa akisema.

Mwaka wa vita vya Maji Maji, askari wa Mdachi walimchukua Likwata akawabebee mizigo. Walipomvuta mkono, uzi wa tasbihi ulikatika. Mwahija aliokota punje uani, moja moja. Alipata thelathini na mbili tu. Akazitunga upya.

Tangu siku hiyo hakukamua tena. Harufu ya danzi ilimuumiza. Miaka miwili alipika ugali wa watu wawili, na asubuhi ule wa pili akawapa kuku.

Siku moja akaja Bakary, mpagazi wa njia ya Songea.

"Shemeji, Likwata yu hai. Yuko Songea, wanamjengesha boma. Ila ameambiwa wewe umeolewa."

"Nani kasema?"

"Midomo ya watu. Nimekanusha, hakusadiki. Amesema umpelekee mafuta ya nyumba yenu, na kibuyu chake. Ya dukani yanachanganywa, anayajua. Yakishuka kwa punje thelathini na tatu, atajua ni mkono wako, na kwamba bado unamngoja. Naondoka Ijumaa."

Mwahija alikamua siku hiyo hiyo. Mafuta yalitoka mepesi kama maji. Miaka miwili ilikuwa imemsahaulisha yalivyokuwa, akaingiwa na hofu.

"Mafuta gani haya?" alijisemea. "Mafuta mazuri ni mazito, kama ya nazi."

Akatia mafuta ya nazi kidogo, yapate kushikana. Akajaza kibuyu, akavuta tasbihi. Punje zikaisha, kibuyu bado nusu. Akakiosha, akakamua mengine, asichanganye kitu. Asubuhi yalishuka kwa punje thelathini na tano. Mchana, pale pale uani, ishirini na tisa. Akaketi chini. Ilikuwa Alhamisi.

Akaenda kwa jirani yake, Bi Sada, aliyefanya kazi miaka mingi katika duka la manukato Kilwa Kivinje.

"Shikamoo, Bi Sada."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekunjamana kama ganda lililokamuliwa?"

Mwahija akaeleza yote.

"Danzi na nazi si ukoo mmoja," alisema Bi Sada. "Mafuta safi ya danzi ni mepesi, ndivyo yalivyo. Kitu kikishikana kikawa kigumu kumiminika, tunasema kina mnato. Asali ina mnato mwingi. Maji yana mnato mdogo. Ulipotia nazi, uliongeza mnato, ukayaharibu."

"Na haya yasiyochanganywa? Asubuhi yanakawia, mchana yanakimbia."

"Asubuhi za kipupwe, mafuta ya nazi yakoje?"

"Huganda."

"Ukiyaweka juani?"

"Hutiririka."

"Basi na haya vivyo hivyo. Baridi huongeza mnato, joto huupunguza. Ukitaka kipimo cha haki, joto liwe lile lile kila mara. Mumeo aliiweka wapi chupa ya mafuta kabla ya kupima?"

Mwahija akafumba macho akumbuke. Alimwona Likwata amechutama karibu na kisima, anacheka peke yake.

"Kwenye ndoo ya maji ya kisima. Mimi nilidhani anaiosha."

"Anaiosha," Bi Sada alicheka. "Maji ya kisima kirefu hayajui asubuhi wala mchana, mwanangu. Kailoweshe. Kibuyu kioshe kwa jivu, kikauke. Kijaze mpaka alama ile ile. Pima kivulini, mara tatu, na usikimbize punje."

Mwahija alifanya hivyo. Thelathini. Thelathini na moja. Thelathini na mbili. Punje zilipokwisha, aligusa kidole chake mwenyewe, na tone la mwisho likadondoka. Akapima mara ya pili na ya tatu. Kidole kile kile. Akakikumbatia kibuyu, na harufu safari hii akaiacha imwingie.

Ijumaa alimkabidhi Bakary chupa ya mafuta na kibuyu.

"Mwambie ailoweshe chupa kwanza, kwenye maji yenye joto la kisima chetu."

"Atalikumbuka, shemeji?"

"Ameyaoga miaka tisa."

Bakary akafika Songea. Ilikuwa alfajiri, baridi ya kugonganisha meno. Likwata hakungoja kulowesha. Alipima palepale, mafuta yakashuka kwa punje thelathini na tatu kamili. Akatoka mbio, akafika Kikole kwa siku tatu, na njiani alimpita simba mara mbili.

Hapo Martina, anayekaa mstari wa mbele darasani, akanyoosha mkono.

"Babu, ya kunguru nilikusamehe. Hili hapana. Kwenye baridi ile mnato ungeongezeka. Punje zingezidi thelathini na tatu."

"Labda jua lilichomoza."

"Meno yaligongana, umesema mwenyewe."

Darasa zima likacheka. Ikabidi niseme ninachokijua. Alivyopima Likwata, hakuna aliyenisimulia. Bakary alirudi baada ya masika na chupa tupu. Mwahija aliitikisa, ikalia. Ndani mlikuwa na punje moja ya tasbihi. Akaitunga pamoja na zile nyingine, na jioni hiyo alihesabu mpaka thelathini na tatu bila kugusa kidole.

"Na mwenyewe akarudi?" aliuliza Martina.

"Akarudi, boma lilipokwisha."

"Na kwa hilo unaweka rehani nini?"

Nikamfungua jogoo kamba, nikampa. Nyumbani nimebakiwa na tetea mmoja, na huyo simwekei mtu rehani.