Harusi ya Kula Wima

Kwaru. Kwaru. Kwaru.

Umeme ulikuwa umekatika, na huko jikoni kitu kilikuwa kinakwaruza sufuria.

— Mama, panya! alinong'ona Kidoti, kabinti ka Msusi, akimng'ang'ania mama yake gauni.

— Panya gani anatumia kijiko?

Ghafla taa zikawaka. Kati ya friji na ukuta alisimama Fundi Bomba, mchumba wa Msusi, kaikumbatia sufuria ya maharage, mashavu yamemjaa kama mpiga tarumbeta. Huyu huyu ambaye muda si mrefu alikataa kukaa mezani: "Asante mama, nimeshiba."

Bibi, mama yake Msusi, akashika kiuno.

— Kumbe chakula changu ni cha kuliwa gizani tu?

Fundi akaweka sufuria chini, akaaga kwa mdomo uliojaa, akatokomea.

Asubuhi ujumbe ukaingia kwenye simu ya Msusi: "Mpenzi, tufunge ndoa bila karamu. Ikishindikana, tuahirishe."

Msusi alikuwa katikati ya kichwa cha mteja. Akaacha rasta zinaning'inia, akapiga simu.

— Bila karamu? Wageni wetu wale hewa?

— Nisikilize kwanza...

— Sema tu hunitaki!

Nyuma ya Fundi, sauti ya mwanamke ikapenya: "Uji wako umeumaliza leo, au unanidanganya tena?"

Moyo wa Msusi ukafanya paa!

— Nani huyo anayekunywesha uji?

— Ni... niko zahanati.

— Hapo hapo! Usisogee!

— Dada, na kichwa changu je? mteja akauliza.

— Jifunge kitambaa, shoga. Ndoa yangu inaungua!

Alimkuta kwenye ua wa zahanati, anatembea haraka haraka kuzunguka jengo, jasho linamtiririka. Pembeni yake alikuwepo nesi mtu mzima, mfupi, kavaa raba. Msusi alikuja na matusi yake yote yamepangwa, lakini kumwona mama yule anahema, yakamyeyukia mdomoni.

— Mwambie mwenyewe, nesi akamhimiza Fundi.

Fundi akajifuta jasho.

— Nikiwa mdogo, mama wa kambo alikuwa ananisimamisha ukutani wenzangu wakila. Nikisogelea kiti, fimbo. Wakishalala ndiyo naiba makombo. Mpaka leo, nikikaa kula mbele za watu, koo linafunga. Nashinda na kahawa tupu, usiku nakula kama mwizi, halafu tumbo linawaka na ndoto zinanikimbiza.

— Kuzungumza tumezungumza sana, nesi akadakia. — Lakini mwili ukishinda na njaa, wasiwasi nao hautulii. Kwa hiyo tunaulisha. Uji asubuhi, mboga, maharage, miguu ichoke, usingizi uje. Hiyo peke yake haimponyi mtu, mwanangu, ila inampa nguvu ya kupona.

— Siku hizi naamka sijapiga kelele, Fundi akasema kwa aibu. — Ila karamu, watu wote macho kwangu... Mwanamume mzima naogopa kiti! Si ungenicheka?

Msusi akacheka kweli, na machozi juu.

— Nacheka nilivyokuwa nataka kupigana na nesi wa watu! Mpenzi, karamu ipo. Viti ndiyo havipo.

Ikawa hivyo. Siku ya harusi wageni walizunguka ukumbini sahani mkononi, wanakula wima, wanakanyagana, wanaombana radhi, wanacheka.

— Hii harusi au foleni? shangazi wa Msusi akalalamika.

— Simama wifi, gauni lionekane, Bibi akamjibu. Yeye alishaambiwa yote. Alilia kidogo, kisha akapika maradufu.

Fundi alikula mchana kweupe, sahani ya kwanza, akaongeza ya pili. Nani angemkodolea macho? Kila mtu alikuwa anachunga asimwagie mwenzake mchuzi.

Mwishowe shangazi akashindwa.

— Magoti yangu hayajui harusi! Nileteeni kitu cha kukalia!

Bwana harusi mwenyewe akakimbia, akarudi na benchi la barazani. Shangazi akajitupa juu yake, akapigapiga nafasi iliyobaki.

— Na wewe njoo na sahani yako hapa, nipate wa kupiga naye umbea.

Maskini, hakujua lolote. Msusi alijua. Alitamani kusema "usimlazimishe", alitamani kusema "jaribu, mpenzi". Badala yake akaendelea kutafuna, macho kwenye sahani yake.

Fundi akalitazama benchi. Akashuka taratibu, kama mtu anayeingia kwenye maji ya baridi. Akatia tonge mdomoni. Akatafuna. Akameza.

Kidoti, ambaye tangu amfahamu Fundi alimwita Anko, akanyoosha kijiko kumwonyesha, mdomo umejaa wali:

— Mama, Baba amekaa.