Swichi Iliyonyamazishwa

Rafu ya tatu ya chumba cha mitambo ilikuwa wazi kama fizi za kibogoyo. Diski mbili zenye video za mahakama ya Asunción zilikuwa zimechomolewa mchana kweupe, na kebo zake zinaning'inia.

Inspekta Zunilda Ayala alizitazama huku jasho likimtiririka shingoni. Januari ile hata mbwa walikuwa wavivu kubweka. Kesho asubuhi hakimu angemhukumu Digno, dereva wa basi aliyeshtakiwa kumgonga na kumuua mama mmoja muuza mikate ya chipa. Video pekee iliyoonyesha gari lililomgonga ilikuwa humo. Bila video hiyo, Digno angezeekea jela.

"Geti lifungwe," aliamuru. "Asitoke mtu."

Kisha akamgeukia Ninfa, fundi wa zamu, aliyekuwa akilia.

"Kitendawili, binti."

"Hee! Tega, mama."

"Mwanangu hana mdomo, lakini akiguswa huamsha mtaa."

Ninfa alijifuta macho. "Si hiyo swichi ya mtandao? Kebo ikichomoka, au umeme ukipungua, inatuma tahadhari kwenye kioo cha kompyuta yangu. King'ora kinalia."

"Sasa leo mbona haikulia?"

"Ilinyamazishwa. Kila asubuhi tunainyamazisha tukichemsha maji ya mate, chai yetu ya majani. Birika linakula umeme mmoja na swichi, likiwashwa tu swichi inapiga makelele. Tumezoea. Leo saa nane nilikwenda kula. Kurudi, nakuta imenyamazishwa na diski hazipo."

"Nani mwingine ana nywila?"

"Bosi tu. Don Porfirio."

Mhandisi Porfirio Cabañas alikuwa ofisini kwake, chupa yake ya barafu, ile pana ya kuvishwa ngozi, ameibana kwapani.

"Nilinyamazisha mimi, afande," alisema kabla hajaulizwa. "Nilichemsha maji kama kawaida, nikanywa mate. Mwizi aliingia wakati huo."

"Mate ya moto?"

"Ya moto."

"Saa nane mchana? Januari?"

Ninfa, aliyesimama mlangoni, akaguna. "Don Porfirio, joto hili hata shetani anakunywa tereré, mate ya barafu!"

"Tumbo linanisumbua."

"Pole," alisema Zunilda. "Binti, ukinyamazisha, kipimo cha umeme nacho kinalala?"

"Hakilali. Kinachonyamaza ni king'ora tu." Ninfa aliinamia kompyuta ya bosi. "Saa nane mstari umenyooka, mama. Birika halikuwashwa."

Porfirio aliikaza chupa kwapani.

Zunilda akavuta kiti. "Haya, tuache hayo. Koo limenikauka. Nimiminie funda moja kwenye hiyo chupa yako."

"Imekwisha."

"Imekwisha? Joto hili? Basi hata kipande cha barafu nitafune."

"Hakuna kitu, afande."

"We mzee! Tangu lini mtu wa hapa akamnyima mgeni tereré, kisha akakumbatia chupa tupu kama mtoto mchanga?" Alinyoosha mkono. "Fungua."

Hakufungua. Aliiweka mezani polepole. Ikagonga, lakini si mlio wa barafu.

Ndani, zimeviringishwa kwenye soksi, mlikuwa na diski mbili.

"Gari ni langu," alisema Porfirio. "Aliyeendesha ni Jazmín, binti yangu. Ana miaka kumi na tisa. Alirudi anatetemeka, hasemi. Niliosha gari mwenyewe, afande. Kwa mikono hii."

"Na Digno?"

"Ana watoto. Mkubwa wake anasoma darasa moja na mwanangu mdogo. Juzi walicheza mpira uani kwangu."

"Ukawatazama."

"Niliingia ndani."

"Mbona hukuzivunja?"

Aliitazama mikono yake. "Nimezilinda miaka yote. Nilishika nyundo, nikashindwa."

Ninfa alirudi chumba cha mitambo akaondoa ukimya wa swichi. King'ora kikalia jengo zima, na hakuna aliyekigusa mpaka diski ziliporudi rafuni.

Zunilda aliagiza barafu. Akamimina tereré kwenye kikombe cha pembe, akampa Porfirio wa kwanza. Mzee alivuta mpaka bombilla, mrija wake wa chuma, ikakoroma, akarudisha kikombe.

"Asante," alisema.

Kwetu, anayerudisha kikombe kwa asante hataki kuongezwa. Zunilda akakipokea, akakiweka kando, akatoa pingu.