Injini ya Farasi Sabini na Tano

Jumamosi, saa mbili na dakika kumi asubuhi, meneja wa shamba alilinganisha namba iliyogongwa kwenye injini ya trekta na ile ya faili. Hazikufanana. Injini ilikuwa imeibwa, nyingine imepachikwa. Saa tatu dereva alikuwa mahabusu.

Jumatatu mpelelezi alimkuta amekaa sakafuni. Mpelelezi mwenyewe alikuwa amechoka hoi. Miguu ilimuuma tangu alfajiri na uongo wa watu ulishamchosha kuliko miguu.

"Fundi wa shamba aliipima injini karakanani Jumanne, ikapita. Wewe ulikabidhiwa trekta Jumatano. Nimshuku nani mwingine?"

"Fundi ni kaka yangu, tumbo moja. Muulize, afande! Nimesema tangu Jumatano, jembe likizama tu, trekta linazimika."

"Karatasi yake inasema nguvu za farasi sabini na tano. Sawa na kitabu cha trekta."

"Kwa mizunguko mingapi?"

Mpelelezi alifunua faili kivivu. "Elfu tatu na mia sita kwa dakika."

Dereva akasimama. "Dizeli yetu inazitoa kwa elfu mbili! Farasi ni msokoto, ile nguvu ya kuzungusha, mara kasi, afande. Hiyo iliyopachikwa ni ya gari dogo, ina msokoto haba, inafidia kwa mbio. Kwenye udongo mzito kasi inashuka, na farasi wanakwenda nayo."

Saa tisa alasiri mpelelezi aliiweka karatasi mbele ya fundi.

"Saini yako?"

"Yangu. Hesabu haidanganyi."

"Kweli haidanganyi. Injini ya trekta haifiki elfu tatu na mia sita. Jumanne ulipima nini?"

Fundi alifuta mikono iliyokwisha kuwa safi.

"Nilijua watasoma farasi tu," alisema hatimaye. "Trekta langu lilikufa injini, mvua zinabisha hodi. Nililifufua kwa ile ya shamba, uani kwa mama. Yeye mwenyewe alinishikia spana. Shamba lake limelimwa lote."

"Na mdogo wako?"

"Nilidhani watamfukuza kazi tu."

Saa kumi na moja mpelelezi alimfungulia dereva mlango, akamweleza yote bila kupunguza. Aliona aibu, ingawa kosa halikuwa lake.

Dereva hakutoka.

"Mama alikuja jana kunitazama," alisema. "Alinisihi nikiri."