Kiitikio cha Nne

Kasoro yenyewe ilikuwa ndogo kama punje ya mchanga kwenye wali: ukiitafuna moja tu, sahani nzima huiamini tena.

Santuri ilikuwa ya bendi ya Zinga Umeme, iitwayo *Mtutu Haulimi*, roki ya magitaa makali iliyopigwa na vijana wa huku Bagamoyo wakati wenzao wanaitwa vitani Kagera. Wao watano waliapa hawaendi kuua mtu. Katika wimbo wa mwisho, Majaliwa, kiongozi wao, anawaita wenzake kwa majina, na kila aitwaye anajibu, "Nipo, sishiki bunduki!" Ally anaitika. Muhidini anaitika. Yunus anaitika. Kisha Majaliwa anaita, "Shuaibu!" na hapo kimya. Magitaa yananyamaza, sindano inakwaruza tu kama kuku kwenye makapi, halafu wimbo unaendelea kana kwamba hakuna aliyekosekana.

"Kiwanda kilikosea," Babu Shuaibu, yule yule wa kwenye santuri, alisema miaka yote. Wenzake walikwishatangulia. Majaliwa ndiye aliyepotea mapema, mwaka ule ule wa vita, na hakuna aliyeliona kaburi lake.

Sasa, Babu alikuwa na mjukuu aliyebeba jina lake. Huyu Shuaibu mdogo alijiita Shu Mashine. Shule aliikimbia kabla haijamfukuza, akafungua studio Kerege, chumba kimoja chenye magodoro ukutani, naye akiwa na mdomo mkubwa kuliko spika zake. Jambo aliloringia kuliko yote ni jina. Mama yake alitaka kumwita Maulidi, Babu akakataa katakata, akamnunua mbuzi wa akika, akamchinja kwa mkono wake mwenyewe. "Wajukuu tuko kumi na kitu," Shu alipenda kutamba, "lakini mzee alimwona mmoja tu."

"Naipiga santuri yote upya," alimwambia Ashatu, binti wa mama yake mdogo, aliyemwimbia viitikio. "Dunia inarushiana mabomu, tunayatazama kwenye simu huku tunakula chipsi. Huu wimbo ni wa leo. Na lile pengo nalijaza mimi. Si ndimi Shuaibu?"

"Babu anajua?"

"Anajua? Ndiye aliyenituma! Kanipa santuri, kanipa na udi wa kufukiza. Kasema, 'Itika kwa sauti, mwanangu, usione haya.'"

Ashatu hakucheka. "Bibi alitufundisha nini? Ukiitwa na usiyemwona, usiitike mpaka akuite mara ya tatu. Jini hafiki ya tatu."

"We naye! Jini gani wa kuzunguka kwenye sahani ya plastiki? Si angetapika kwa kizunguzungu!"

Alirekodi adhuhuri, jua la utosi, saa ambayo watu wa pwani huwaita watoto ndani. Akachoma udi, akavaa spika za masikioni, akaiweka sindano. Ally, Muhidini, Yunus. Majaliwa akaita, "Shuaibu!"

"Nipo, sishiki bunduki!" Shu alijibu kwa madaha, akijikonyeza kwenye kioo.

Wimbo haukuendelea.

Jina likaitwa tena, na safari hii halikutoka kwenye santuri, ambayo ilikuwa imesimama yenyewe na sindano juu yake, bali lilitoka chini, chini ya saruji, likipanda polepole kama sauti ya mtu aliyekwishaita kwa muda mrefu mno, na pamoja nalo ukapanda ubaridi, na moshi wa udi ukageuka puani ukawa harufu ya tope bichi, tope la mahali ambapo jua halijawahi kufika, na Shu, ambaye tangu aote meno hakuwahi kukosa la kusema, akajikuta kinywa wazi na ulimi mkavu kama ng'onda.

"Shuaibu," sauti ikanong'ona. "Teremsha kamba."

Tangu hapo hakushiba maji. Alikunywa ndoo, akatazama ndani ya ndoo tupu, akalia. Akizungumza, maneno yake yalitoka na mwangwi, kama mtu aliyetia kichwa mtungini. Kucha zake ziliamka nyeusi kwa tope, zimevunjika, kama mtu aliyekuwa akiparamia ukuta. Ashatu alipomwona hawezi hata kutukana, ndipo alipoogopa kweli. Akamchukua mpaka nyumbani kwa Babu, Zinga, akamwita na Bi Mwanvita, mganga anayejua kuzungumza na majini bila kuwafokea.

"Shikamoo, Bibi," Ashatu alimwamkia mganga.

"Marahaba. Mfunikeni."

Wakamfunika shuka, chetezo cha ubani kikapitishwa chini yake. Babu alikaa kwenye kiti chake cha kamba, tasbihi mkononi. Magharibi ilikuwa inaingia.

"Assalamu alaykum," Bi Mwanvita alisema taratibu. "U nani, mgeni wetu, na unataka nini?"

Mdomo wa Shu ukafunguka ndani ya shuka, lakini sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya santuri.

"Kisima kikavu cha Fukayosi ni nyumba yangu. Kijana wa magitaa aliteremka kwangu kujificha. Rafiki yake alishika kamba juu, akaapa atarudi magharibi kumtoa. Akaondoka nayo kamba. Kijana aliita jina moja mpaka akafa. Sauti yake ikabaki kwangu, na jina limo ndani yake. Namtaka Shuaibu."

Ashatu akamgeukia mzee. "Babu," alinong'ona, "si kweli, eti?"

Babu hakumtazama. Tasbihi ilikuwa imesimama.

"Shuaibu ni huyo hapo," alisema, akinyoosha kidole kwenye shuka. "Jina analo. Ameitwa, ameitika mwenyewe. Mchukue, uniache nilale."

Chini ya shuka, Shu alisikia kila neno. Akaiona ile akika aliyoringia maisha yake yote: mbuzi, kisu, mkono wa Babu, watu wakishangilia mtoto kupata jina. Kumbe siku ile mzee alichinja wawili.

Bi Mwanvita aliinamia shuka. "Jina likimzidi mtoto hubadilishwa," alisema. "Hata mtoto mwenye ndevu." Akamsomea, akaweka mdomo sikioni pake, akamnong'oneza jina jipya ambalo Ashatu hakulisikia, wala Babu. "La zamani si lako tena. Akiliita usiyemwona, usiitike."

Harufu ya tope ikamwachia Shu. Ikavuka chumba, polepole, ikaenda kusimama penye kiti cha kamba.

"Shuaibu!" Sauti ya santuri iliita kutoka uani.

Babu akayumba kitini. "Shu," alisema kwa sauti ndogo, sauti ya kubembeleza, ile ile aliyotumia kumpa pipi zamani. "Itika, mwanangu. Wewe kijana, una nguvu, utatoka. Mimi mzee nitafika wapi? Shuaibu! Mjukuu wangu! Shuaibu!"

Na kijana ambaye hakuwahi kuacha neno lipite bila kulijibu akauma shuka kwa meno, machozi yakimtoka, akanyamaza. Akanyamaza wakati kiti kikilia, akanyamaza wakati miguu ya mzee ikiburuzika kuelekea uani, akanyamaza wakati kitu kirefu kilipoanza kukwaruza ukingo wa mlango, kikivutwa, kikivutwa, mpaka taa ya jirani ilipowashwa na kila kitu kikatulia.

Walimkuta Babu kizingitini, amekwisha. Viganja vyake vilikuwa vimechunika mpaka nyama, kama vya mtu aliyevuta kamba yenye mtu mzito upande wa pili.

Kiitikio cha nne sasa kimo kwenye santuri. Ashatu alikisikia mara moja, akaifunga santuri kwenye kanga. Ni sauti ya kizee, imepasuka: "Nipo, sishiki bunduki." Wimbo unakwisha. Halafu, sindano ikikwaruza patupu, sauti ile ile ya kizee inaanza kuita yenyewe: "Shuaibu!"

Kijana alifuta jina la Shuaibu ukutani mwa studio, lakini Kerege nzima inamjua kwa hilo hilo. Mwenyewe alilitangaza kwa spika. Bodaboda wakimwita, hugeuka kwanza kumtazama mwitaji usoni, ndipo ajibu. Wanasema siku hizi anaringa.

Juzi, jua la utosi, mlango wa studio uligongwa. "Shuaibu, nifungulie," ilisema sauti ya Ashatu. Ashatu, ambaye tangu maziko hajalitamka jina lile. Akaziba mdomo kwa mikono yote miwili. Tope lilinuka.

"Shuaibu, mwanangu, nifungulie."

Akasubiri mara ya tatu.