Mume Wangu Alimpa Baba Alama Mbili kwa Kumi

Nina miaka ishirini na tisa. Nina mtoto mmoja, Achieng', na hoteli ndogo ya chai na samaki karibu na soko la Migori. Mume ninaye. Anakula kwangu, analala kwangu, nguo zake nafua mimi. Ukipita hapa tukakusalimu wote wawili, utasema nyumba hii imetulia... Imetulia wapi!

Wasomaji wenzangu, siwaandikii mnionee huruma. Huruma nimepewa nyingi, na haikunisaidia kitu. Nawaandikia kwa sababu jambo hili limenikaa kifuani kama ugali mbichi. Halishuki, halitoki.

Baba yangu alikuwa Mzee Ochuodho wa Lambwe, mpiga nyatiti. Kama umri wako umesonga kidogo, na umewahi kukaa kwenye sherehe yoyote kati ya Homa Bay na mpakani, basi ulimsikia. Nyatiti ina nyuzi nane. Mpigaji huvaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, anaigonga kwenye ubao wa nyatiti, tak, tak, tak, huku vidole vya mikono vikicheza juu ya nyuzi. Pete ya baba ilikuwa nzito. Tulipokuwa watoto tuliijua sauti yake hata tukiwa mtoni.

Na kwetu Waluo, wimbo wa nyatiti hauimbwi mfululizo mpaka mwisho. Mtu akiguswa anasimama, anatoa shilingi, na mpigaji ananyamazisha nyuzi na sauti. Inabaki pete tu. Hapo yule mtu anajisifu mbele ya wote: mimi ni fulani, mwana wa fulani, mpenzi wa fulani! Tunaita pakruok. Akimaliza, watu wanashangilia, na mpigaji anaendelea huku akiliingiza jina lake kwenye wimbo. Baba alikuwa akisema nyatiti bila pakruok ni mtu anayeongea peke yake njiani.

Mume wangu nilimpata kwenye pakruok. Ilikuwa arusi ya jirani yetu kule Lambwe. Kijana mmoja mwembamba, shati jeupe, akasimama katikati ya watu, akasema kwa sauti kubwa, "Mimi Elisha, dume lisilofungwa kamba, mpenzi wa msichana anayecheka kabla ya kusalimia!" Yaye! Watu wote waligeuka wakaniangalia, maana msichana wa kucheka ovyo kijiji kizima alikuwa mmoja tu. Baba alicheka mpaka akapoteza wimbo. Mwaka uliofuata ng'ombe wa mahari walikuja.

Elisha alikuwa akiuza santuri katika duka moja hapa Migori. Hakuna santuri asiyoijua. Na mengi ya muziki wetu alifundishwa na baba, siku za Jumapili, wakikaa kivulini, baba akipiga na yeye akiuliza. Baada ya uhuru, watu walipoanza kununua redio kwa wingi, Elisha akaitwa Kisumu kuzungumza katika kipindi cha santuri mpya. Kazi yake ilikuwa kusikiliza santuri na kuipa alama, moja mpaka kumi. Wiki baada ya wiki. Alama yake ikishuka, santuri inalala dukani. Akitembea sokoni watu walimwita "Bwana Alama," na aliitika.

Ni yeye aliyemshawishi baba arekodi. Baba alikuwa amekataa miaka yote. Vidole vilikuwa vimeanza kuvimba, akasema afadhali wamkumbuke jinsi alivyokuwa. Elisha akambembeleza, akamsindikiza kwa basi mpaka Nairobi. Waliporudi nilimuuliza mume wangu ilikuwaje. Akaniambia yeye hakuingia kwenye chumba cha kurekodia. Alibaki nje. Nikamwamini. Kwa nini nisimwamini?

Santuri ilifika mwezi uleule na santuri ya Mzee Mwita, yule Mkuria wa Kehancha anayepiga litungu, ndugu ya nyatiti yetu. Wazee wawili waliokuwa kimya miaka mingi, wote wametoka pamoja! Mimi nina gramafoni hotelini. Lo, hoteli iligeuka bunge!

Upande wa dirisha walikaa Waluo, wakiongozwa na Opiyo fundi cherehani. Upande wa mlango walikaa Wakuria, na sauti kubwa ilikuwa ya Marwa, mfanyabiashara wa ngozi kutoka Isebania, ambaye hajawahi kunywa chai yangu bila kuikosoa.

"Mama Achieng', mzee wenu amekauka kama dagaa omena wa juzi," Marwa alikuwa akisema. "Sikia Mwita! Sikia mzee mwenye meno!"

Opiyo anamjibu kwamba Mwita anarudia wimbo uleule tangu vita vya Hitler. Marwa anasema afadhali kurudia kuliko kusahau. Na hapo ndipo ugomvi ulikuwa. Katikati ya santuri ya baba kulikuwa na mahali ambapo sauti inakatika. Nyuzi zinanyamaza. Pete tu... tak, tak, tak... muda mrefu. Halafu baba anarudi, lakini sauti imeshuka, kama mtu aliyevunjika moyo, na wimbo unaisha bila kuchangamka tena.

Wengine wakasema mzee amesahau maneno. Opiyo akasema mtu akisahau hata mguu unasimama, lakini hapa pete haijakosea. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mimi nilimwaga maji, nikafuta meza. Nilidhani ni mtambo wa Nairobi ulioharibika.

Siku santuri ilipofika nyumbani Elisha aliiweka mwenyewe. Ilipofika pale penye pete aliinuka akaenda kuangalia dirishani. Kisha akasema, "Nzuri. Baba amefanya kazi." Akaketi akala.

Basi hotelini wakakubaliana jambo moja, adui na rafiki. Tungoje redio! Redio ikisema, tutajua. Nami pia nikangoja. Mnaona ujinga wetu? Masikio tulikuwa nayo, mzee mwenyewe tulikuwa naye Lambwe, safari ya siku moja, na bado tulingoja sanduku lituambie tumesikia nini!

Siku ya kipindi nilikwenda Lambwe kwa wazazi. Nilitaka kusikiliza nikiwa karibu na baba. Mzee wa kanisa ndiye aliyekuwa na redio, wakaitoa nje na watu wakajaa uwanjani. Mama alikuwa amempikia baba kuku. Baba alivaa koti lake la arusi za watu, akakaa mbele, mikono magotini.

Elisha alianza na vijana fulani wa gitaa. Tisa kwa kumi. Mzee Mwita, saba. Halafu akalitaja jina la baba, na watu wakapiga makofi kabla hajasema kitu.

Akasema... Sauti ile ninayoijua, inayoniomba chumvi mezani, ikasema kwamba umri haumsamehe mtu. Kwamba Mzee Ochuodho amesahau maneno katikati ya wimbo wake mwenyewe. Kwamba kuna wakati wa kupiga nyatiti na wakati wa kuitundika ukutani. Mbili kwa kumi. Kisha akaweka tangazo la sabuni.

Kwetu mkwe ni mtu wa heshima. Hakai kiti cha baba mkwe, hamtazami mama mkwe machoni, hata chakula anakula kwa adabu. Na huyu amemvua nguo baba mkwe mbele ya nchi nzima! Mama mmoja alifunika uso kwa kanga. Mzee wa kanisa akazima redio, akaanza kuomba radhi kana kwamba ni yeye aliyesema.

Baba aliinama. Akaivua ile pete ya mguuni, akaipangusa vumbi kwa kidole, akaiweka mfukoni. "Kuku atapoa," akasema. Tukaenda tukala. Hakulaumu. Hakutaja jina la Elisha. Wala hakupiga nyatiti tena.

Mimi sikulia. Nilingoja machozi, hayakuja. Niliporudi Migori nilimuuliza mume wangu kwa nini. Akanijibu polepole, kama mwalimu, kwamba angempa alama nzuri watu wangesema anampendelea mkwe wake. Na Kisumu walikuwa wanatafuta mtu wa kuajiri kabisa. Je, nilitaka apoteze kazi? Jibu lake lilikuwa na akili, na ubaya wake ulikuwa hapohapo.

Hotelini, Opiyo hakuomba tena santuri ya baba. Ndiyo, Opiyo yule yule! Redio ilikuwa imesema. Aliyenishangaza ni Marwa. Siku moja mchana aliingia, akasimama katikati, akasema kwa ukali, "Weka ile ya mzee wako."

Nikamwambia aniache, leo sina nguvu za utani.

"Weka, mama. Huyo bwana wako ni mwongo. Mzee hajasahau. Kuna mtu alikuwa anangojwa hapo."

Nikaiweka. Ilipofika kwenye pete, Marwa akagonga shilingi mezani, akapaza sauti, "Mimi Marwa, mwana wa Isebania, nisiyeuza ngozi yenye tundu!" Hoteli yote ikacheka na kushangilia, na baba akaingia tena na wimbo wake... Ikakaa sawa! Kama mfuniko na sufuria yake. Nilisimama na kitambaa mkononi. Kumbe ilikuwa nafasi ya pakruok. Lakini nani angejisifu katika chumba kile cha Nairobi? Baba hakuwa mjinga kiasi cha kungoja mtu asiyekuwapo.

Sikupata muda wa kufikiri. Habari ikaja kwamba baba amelazwa Homa Bay, kifua. Nilimkuta amepungua, shingo imebaki mishipa. Nikamwambia habari ya Marwa, nikitaka acheke. Alicheka kidogo. "Mkuria ndiye aliyenisikia," akasema.

Nikamuuliza, "Baba, ulikuwa unamngoja nani?"

Akasema, "Nyara, binti yangu, mkwe hasemwi." Nikamshika mkono. Nikamwambia mimi si mkwe, mimi ni damu yake. Ndipo akanieleza.

Alikuwa amekataa kabisa kurekodi bila pakruok. Elisha akamwahidi, "Baba, nitakuwa ndani pamoja nawe. Ukinyamazisha nyuzi, nitajisifu kama siku ile ya arusi. Nitakutaja wewe, nitamtaja binti yako." Na aliingia! Alisimama karibu kiasi cha kuguswa. Shilingi alikuwa nayo mkononi, baba aliiona. Lakini ndani ya chumba kulikuwa na mabwana wenye tai na mitambo, na wakati ulipofika Elisha aliwatazama wale mabwana, akatazama viatu vyake. Baba akagonga pete. Akagonga. Akagonga... Kijana hakufungua mdomo.

"Aliona haya," baba akasema. "Usimuulize, utamwaibisha."

Mnasikia? Mtu anakufa, na bado anamlinda! Mume wangu alijua ukimya ule ni wake. Akauchukua mbele ya redio, akamvisha baba yangu.

Nilimuuliza Elisha. Alibisha, kisha akaacha kubisha. "Ulitaka nipige kelele kama mlevi mbele ya watu wa Nairobi?" akasema. Nikachukua sufuria nikaenda kuosha.

Baba alifariki kabla ya mvua. Kwenye matanga watu walikuja kutoka kila upande, hata Marwa na wenzake, hata Mzee Mwita mwenyewe na litungu lake. Mtu akaleta gramafoni. Santuri ya baba ikawekwa karibu na jeneza. Nyuzi ziliponyamaza na pete ikabaki, watu wote wakamgeukia Elisha. Mkwe ndiye wa kwanza.

Akasimama. Akatoa shilingi, akaiweka juu ya jeneza. "Mimi Elisha," akasema, na sauti ikakatika, akaanza tena. "Mimi Elisha, niliyeoa katika nyumba ya nyuzi nane! Mkwe wa Ochuodho asiyesahau! Mpenzi wa msichana aliyekuwa akicheka kabla ya kusalimia!"

Wanaume walilia. Mama alilia. Santuri ikaendelea, na sauti ya baba ikaja pale pale alipoishia.

Wasomaji, ilikuwa pakruok nzuri kuliko zote nilizowahi kusikia. Kama mngenipa kazi yake, ningempa kumi kwa kumi. Na mimi sikusikia kitu ndani yangu. Kitu hata kimoja! Nilimtazama kama unavyomtazama mtu anayepita barabarani.

Wazee walitukalisha, akaomba msamaha, nikasema nimesamehe. Kazi ya redio aliiacha mwenyewe, amerudi dukani. Ni mtu mpole siku hizi. Jioni ananiambia maneno mazuri, mazuri kweli. Namjibu, chakula kiko tayari.

Dada zangu, mwangalieni mwanamume anayewasifu. Je, atawasifu pia mbele ya watu anaowaogopa? Kama atanyamaza hapo, yale ya jikoni msiyahesabu. Na ninyi mnaobishana juu ya wazee wetu na santuri zao, bishaneni, lakini kwa masikio yenu. Msingoje mtu awape namba.

Na wewe unayengojwa na mtu, nakusihi, sema leo. Sema hata kama sauti inatetemeka, hata kama mabwana wanacheka. Baba yangu alingoja neno moja tu, na alipolipata alikuwa amelala ndani ya sanduku, na mimi niliyelisikia kwa niaba yake nilikuwa nimeshachelewa kufurahi.