Springi za Gari la Msiba

Siku shemeji yangu Projestus alipokuja kuniomba nimshawishi mke wake, nilikuwa napiga pindo sare za kwaya, redio inaimba, jua zuri tu la Kasulo. Mke wake ni mdogo wangu, Deodata. Mimi ni Ernesta, fundi cherehani, na anayenijua anajua sina subira na mwanaume anayezungukazunguka maneno. Nikamwambia, "Kaa. Sema."

Akasema anataka kuinua gari.

Gari lake ni lile la kupandia milima, la zamani lakini zima, na ndilo linalowalisha. Linabeba abiria na mizigo kutoka kwao Mbuba hadi Benaco. Njia yao inapita bondeni, na mvua zikianza udongo mwekundu unakuwa uji, malori yanachimba mitaro mirefu, gari la kawaida likiingia humo linalala kwa tumbo. Mwaka juzi lililala hivyo hivyo na Deodata yumo ndani, uchungu umemshika. Mtoto wao wa kwanza alifia mle garini kabla hawajapata wa kuwavuta. Sasa mdogo wangu alikuwa na mimba nyingine, imeshakuwa kubwa, na Projestus alikuwa ameapa kwamba huyu hatafia bondeni. Kwa kiapo hicho nilikuwa nimemsamehe mambo mengi.

Bukuru, fundi magari wa pale Benaco, alikuwa amemwonyesha vipande vya plastiki ngumu vya kuweka juu ya springi zilezile. Gari linapanda, ndiyo, lakini linatembea likirukaruka kama mbuzi, na mjamzito si mtu wa kurushwarushwa. Kilicho bora ni seti mpya ya Mwanza, springi ndefu na shokapu ndefu za kuendana nazo, maana ukirefusha springi ukaacha shokapu fupi gari linajikaba lenyewe. Ila seti mpya ni ya kuagiza na kusubiri, na tumbo la Deodata lilikuwa halisubiri. Halafu Bukuru alikuwa na seti moja iliyotumika, ngumu, ya kubebea mzigo mzito. Ilifunguliwa kwenye gari lililopinduka katika pori la Biharamulo.

"Lilikuwa limebeba nini?" nikamuuliza, maana nilimwona anakwepa macho yangu.

"Maiti. Mzee mmoja wa Kisukuma, wanampeleka kwao Shinyanga kuzikwa. Deodata amesikia, hataki kabisa. Dada, wewe ukimwambia atakusikiliza. Chuma ni chuma."

"Na huyo mzee ikawaje?"

"Lilipita lori, wakamhamishia humo, safari ikaendelea. Alizikwa vizuri tu."

Sisi tulivyolelewa, marehemu hasafirishwi kimya. Anakaa ndugu mmoja karibu na jeneza, na kazi yake ni kuongea naye njia nzima. Baba, tunavuka mto. Baba, hapa njia panda, tunashika ya kulia. Mkibadili gari mnamwambia shuka hapa, panda hili. Mkifika mnamwambia umefika nyumbani, shuka. Wasukuma waliohamia huku tuliwakuta wanafanya vilevile, na hata padri akiwepo hujifanya anatafuta kitu mfukoni. Asiyeambiwa hajui kwamba amehama. Mwili unakwenda, mwenyewe anabaki amekaa palepale, anangoja kufikishwa.

"Siku ile ya lori," nikasema, "nani aliongea naye?"

Projestus akacheka. "Dada, watu wanatoka damu, wengine wamevunjika, nani akumbuke kuongea na maiti?"

Nikamwambia asizifunge springi zile. Nilimwambia kwa ukali, na mimi nikikasirika mtaa mzima unajua. Akanishukuru kwa adabu, akaondoka, akaenda kuzifunga. Ndivyo walivyo watu wanaokuja kuomba ushauri wakiwa wameshaamua.

Bukuru alizifunga vizuri, sina la kumlaumu. Gari likainuka mpaka Deodata akawa anapanda kwa kukanyaga kigoda. Mbele lilisimama kwa maringo. Nyuma, upande wa kushoto, lilikuwa limeinama. Bukuru akapima kwa futi, akafungua, akazisimamisha springi zote mbili sakafuni. Zilikuwa sawasawa. Akazirudisha, gari likainama tena. Akasema labda chesesi, fremu ya chini, imepinda, gari ni la zamani. Gari halikuwa na mtu ndani wala mzigo.

Abiria wakaanza kupunguka, na Projestus hakutaka kusema kwa nini. Nilisikia kwa mteja wangu mmoja, mama mtu mzima anayeuza ndizi. Alipanda pale Kasulo, akageukia kiti cha nyuma cha kushoto, akasema, "Shikamoo." Kiti kilikuwa kitupu. Nikamuuliza alimwamkia nani. Akaniambia alimwamkia mzee, na mzee aliitikia vizuri, ila alimuuliza kama bado ni mbali.

Mwezi wa kujifungua ulipofika nikafunga cherehani, nikaenda Mbuba kukaa na mdogo wangu. Uchungu ulimshika mchana, mvua ikiwa imetoka kunyesha na wingu limeshuka mpaka kwenye migomba. Tukampandisha kiti cha nyuma. Mimi nilikaa upande wa kulia, kichwa chake mapajani kwangu, miguu yake ameikunja. Alikataa kuinyoosha.

"Nyoosha miguu, mama, upumue," nikamwambia.

"Hakuna nafasi, dada," akasema.

Nafasi ilikuwepo. Nilikuwa naiona kwa macho yangu.

Tukashuka bondeni taratibu. Projestus alikuwa anaomba kwa sauti ndogo. Magurudumu ya mbele yaliingia kwenye mtaro, yakatoka, safi kabisa, na akageuka kunitazama akitabasamu, jasho linamtiririka. Ndipo nyuma kukashuka. Si kwa kuteleza. Kulishuka polepole, upande wa kushoto kwanza, kama mtu mzito anayejiweka sawa kitini. Tumbo la gari likagusa udongo. Injini ikanguruma, magurudumu yakazunguka, hatukwenda popote.

Kuta za mtaro zilikuwa zimefika kwenye vitasa. Projestus alisukuma mlango wake kwa bega, ukagonga udongo. Wangu vilevile. Alibonyeza vioo vishuke, havikushuka. Akachukua spana akapiga kioo kwa nguvu zake zote, mara nyingi, na spana ikarudi mkononi mwake bila kuacha hata mkwaruzo. Simu bondeni pale hazijawahi kushika. Ulibaki mlango wa nyuma kabisa, wa kupakilia mizigo. Alitambaa juu ya kiti kuufikia. Akasimama katikati. Akarudi.

"Kuna nini?" nikamnong'oneza.

"Harufu," akasema. "Ya mochwari."

Nami nikaisikia. Dawa ile kali, na shuka jipya ambalo halijafuliwa. Vioo vyote vilikuwa vimejaa mvuke wa pumzi zetu. Cha nyuma kushoto kilikuwa kikavu.

Deodata akaanza kulia. Si kwa uchungu. Mimi nimemlea, najua kilio chake.

"Dada, mwambie asogee."

"Nani?"

"Huyu mzee. Ananibana. Mtoto atatokea wapi?"

Niliogopa. Sisemi uongo. Projestus aliweka kichwa kwenye usukani, akawa anarudia jina la mtoto wao wa kwanza. Hewa ilikuwa inapungua. Nilipeleka mkono chini ya shuka la mdogo wangu, nikagusa kichwa cha mtoto. Kilikuwa karibu. Kilikuwa hakisogei.

Nikageukia kiti kitupu.

"Shikamoo, baba," nikasema.

Springi zikalia. Mara moja tu.

"Baba, tusamehe. Mlipopinduka kule porini walikuhamisha bila kukuambia. Mwili wako umezikwa. Shuka hapa, baba. Uende kwenu Shinyanga."

Gari likazama zaidi. Nilisikia udongo ukikwaruza sakafu chini ya miguu yangu. Ningekuwa mimi, nisingeshuka pia. Nani anashushwa bondeni, kwenye matope, akaambiwa kwenu ni kule mbele?

Deodata akaacha kulia. Hilo lilinitisha kuliko yote. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Macho yalikuwa wazi, hayaniangalii.

Basi nikasema. Mungu ananijua, nilisema ili apone.

"Baba, umefika. Hapa ndipo nyumbani. Kwangu ni kwako, mimi ni mwanao. Karibu. Shuka."



Kisha nyuma kukainuka. Polepole. Upande wa kulia, halafu wa kushoto. Gari likasimama juu, limenyooka, kwa mara ya kwanza tangu springi zile zifungwe. Mlango wa mizigo ukafunguka wenyewe, baridi ikaingia. Na mtu alinishika bega, mkono mkavu, mzito, kama mzazi anavyoshukuru. Projestus alikuwa mbele, mikono yote kwenye usukani.

Magurudumu yakashika. Tukatoka.

Mtoto alizaliwa hospitalini jioni ileile, msichana, analia vizuri. Wakamwita Wema. Projestus alizifungua springi zile kwa mikono yake, akaweka za zamani, na siku hizi anapita njia ndefu ya juu. Deodata akaja kwangu Kasulo nimlee uzazi, kama ilivyo kawaida kwa dada mkubwa. Nilimpa chumba cha wageni. Uji, supu, maji ya moto, kila kitu kilikwenda sawa, na tulilisahau bonde. Au tulikuwa tunaogopa kulitaja.

Uzazi ulipokwisha, Projestus akaja kuchukua familia yake. Deodata alivuka kizingiti cha mlango wangu na mtoto mgongoni. Wema akalia. Akalia mpaka pumzi ikakata, akawa mweusi, macho yakageuka. Tukarudi naye ndani mbio. Akatulia, akanyonya, akalala. Wakajaribu kesho yake. Wakajaribu kumtoa akiwa usingizini, kwa mlango wa uani, amefunikwa mwili mzima. Ilikuwa vilevile, na mara ya mwisho alikawia mno kurudisha pumzi. Daktari tulimwita akaja nyumbani, akampima, akasema mtoto ni mzima kabisa.

Projestus alihamia kwangu. Ningefanyaje? Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini hawa walikuwa wamefungiwa ndani na mimi.

Ndipo akaja mama mmoja, mwembamba, kanga mpya, kuku mkononi. Alisema anaitwa Mhoja, ametoka Biharamulo. Aliniamkia kwa heshima, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Nimekuja kumwona baba," akasema.

"Baba yako nani?"

"Alipinduka na gari akiwa ameshafariki. Tulizika, lakini hakuna aliyemwota, miezi yote. Juzi nimemwota. Anasema amefikia Kasulo kwa mwanawe fundi cherehani, kamkaribisha vizuri."

Cherehani yangu ilikuwa palepale katikati yetu. Nikamweleza yote. Hakushangaa. Aliomba kuingia chumba cha wageni peke yake, akaacha mlango wazi kidogo, tukamsikia anaongea Kisukuma, anabembeleza, anataja majina ya watu na ya ng'ombe. Kisha akatoka hadi barabarani akitembea kinyumenyume, akiita, kama mtu anayemwongoza kipofu. Alifika lilipokuwa linapakia basi la Biharamulo. Akasimama. Akarudi.

"Hajatoka," akasema.

Alimwomba Deodata ampe mtoto ampakate. Akamfunua ili amwangalie uso, na mkono wa Wema ukatoka nje ya nguo. Kwenye kifundo cha mkono palikuwa na kamba nyembamba, nyeusi, inayong'aa, imesukwa kwa nywele za mkia wa ng'ombe. Nilikuwa nimemwogesha asubuhi ile. Mkono ulikuwa mtupu.

"Nani amemfunga?" Mhoja akauliza.

Deodata akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Projestus. Mtaa wetu hakuna anayefuga ng'ombe.

Mhoja alilishika fundo kwa ncha za vidole, akaligeuza, akaliachia.

"Hivi ndivyo baba alivyokuwa anatufunga sisi watoto wake tukizaliwa," akasema. "Ili tusipotee mbali na nyumba."

"Linafunguliwaje?" Deodata akauliza kwa sauti ya chini.

"Letu alilifungua yeye mwenyewe, siku za kuolewa. Lazima awe yeye aliyefunga."

Akambusu mtoto, akaacha kuku, akawahi basi lake.

Tumejaribu mkasi. Tumejaribu wembe. Wema anakua, na kamba haimbani wala haimpwayi. Sasa ameanza kutambaa, anazunguka nyumba nzima akicheka peke yake. Akifika kizingitini anasimama, anatazama nje kidogo, kisha anageuka mwenyewe na kurudi ndani.