Kaunta Ilipojaa

Mkewe alimwambia asubuhi: "Leo zamu yako kumchukua mtoto. Saa kumi na mbili shule inafungwa, usiniletee hadithi zako za dakika tano." Saa kumi na moja na nusu jioni fundi wa mtandao bado alikuwa chumba cha mashine, ghorofa ya chini kabisa, dirisha hamna.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Kadi ya mtandao ina saa yake inayohesabu sekunde, na huko mbele kaunta yake, yaani hesabu hiyo ya sekunde, itajaa irudi sifuri. Alikuwa anaitengeneza dereva, ile programu inayoiendesha kadi, isije ikachanganyikiwa siku hiyo. Wanaiita dereva, ingawa leseni haina.

Fundi mzee aliyemfundisha, Mungu amrehemu, alikuwa na sharti moja. Soma nusu ya juu ya kaunta, zile tarakimu kubwa. Soma ya chini. Kisha rudia ya juu, maana huenda imegeuka ulipokuwa unasoma. Fundi wetu, roho iko shuleni, akaandika isomwe mara moja tu. Atarekebisha kesho. Akaisogeza kaunta kwa mkono hadi sekunde za mwisho, ajaribu.

Tatu... mbili... moja...

Sifuri.

Feni zote zikanyamaza.

Akabeba begi, akagusisha kitambulisho chake mlangoni. Taa nyekundu. Kiskrini kikaandika: KITAMBULISHO HIKI HAKIJATOLEWA BADO. Mlango ulifuata saa ya mashine ileile, na kwake sifuri ilikuwa siku chumba kilipoanza kazi. Siku hiyo aliyeruhusiwa kuingia ni mtu mmoja tu.

Akampigia mlinzi kwa simu ya ukutani.

"Nifungulie, nimekwama."

"Wewe nani?" mlinzi alinong'ona. "Huku kwenye skrini naona ndani yuko mtu mmoja. Fundi mzee."

"Si tulimzika wote, wewe na mimi?"

"Ndiyo maana nauliza."

Harufu ya udongo mbichi ikajaa chumbani. Nyuma ya kabati la mashine viatu vikaanza kuburuzwa... shwa... shwa... vikampita ubavuni. Akajibana ukutani. Taa ikawa kijani. Mlango ukafunguka, ukajifunga. Alipoufikia, nyekundu.

Akampigia mwalimu wa zamu.

"Mbona ameshachukuliwa?" mwalimu alisema. "Sasa hivi. Na babu yake."

"Mwanangu hana babu, mwalimu."

"Basi yule mzee wa kazini kwenu. Alivaa kitambulisho chenu shingoni, na mtoto mwenyewe alimshika mkono." Kisha akaongeza: "Kasema usihangaike... mlango utafunguka kaunta ikijaa tena."

Simu ikakatika.

Fundi akaupiga mlango kwa bega, akimwita mwanawe mpaka sauti ikamkauka. Kaunta ile hujaa kwa miaka mia moja na thelathini na sita. Kwenye skrini, ndiyo kwanza ilikuwa imefika sekunde mia mbili na nne.